Dondoo Bila Muktadha: Ufundishaji wa Fasihi Nzito na Haki ya Mwanafunzi juu ya Habari Zake

Utangulizi

Kila mtahiniwa wa karatasi ya tatu ya Kiswahili, 102/3, anajua kwamba dondoo lina kwao. Akiulizwa aeleze muktadha wake, ni sharti ataje mambo manne: nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, na maneno hayo yanasemwa kwa sababu gani. Hapo ndipo alama nne zilipo. Mtahiniwa anaweza kujua maana ya kila neno katika dondoo na bado azikose alama zote nne iwapo hawezi kulirudisha mahali lilipochomolewa. Walimu huwasisitizia wanafunzi jambo hili tangu kidato cha tatu, na hawakosei.

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba kanuni hiyo ya muktadha inatufaa nje ya mtihani pia. Ndiyo msingi wa suala ambalo limeingia madarasani mwetu bila kubisha hodi, yaani haki ya mwanafunzi juu ya habari zake za kibinafsi mtandaoni. Huenda msomaji akaona kwamba fasihi nzito na sheria ya data ni lila na fila, hazitangamani. Mwandishi wa makala haya anashikilia kuwa hukutana kila mara mwalimu anapomwomba mwanafunzi ahusishe kitabu na maisha yake. Na katika eneo hili letu la Sirisia, kuanzia Malakisi na Lwakhakha mpakani hadi Kitale upande wa pili wa Mlima Elgon, kuna vitabu ambavyo mwanafunzi hawezi kuvihusisha na maisha yake bila kufichua mambo mazito.

Ugumu wa fasihi ni upi?

Tunaposema kwamba kitabu fulani ni kigumu, tunamaanisha nini? Mhakiki George Steiner aliandika insha mwaka 1978 akiugawa ugumu wa fasihi katika mafungu manne. Kuna ugumu wa kukosa maarifa, ambao dawa yake ni kamusi au mwalimu. Kuna ugumu wa umbali, pale msomaji anapoelewa maneno lakini ulimwengu wa kazi hiyo umkalie mbali, haumgusi. Kuna ugumu wa makusudi, ambapo mtunzi anavuruga wakati, anaficha msimulizi au anatumia jazanda ili msomaji asipite mbio. Mwisho, kuna ugumu unaotokana na kazi yenyewe kuhoji iwapo lugha inaweza kusema lolote la kutegemewa.

Mafungu haya tunayafahamu hata kama hatujapata kuyataja kwa majina. Msamiati wa kipwani ukimshinda mwanafunzi wa Namwela, huo ni ugumu wa kwanza. Mwanafunzi wa bara asiyepata kuona bahari anapoanza safari na Kongowea Mswahili kutoka Tanga katika Siku Njema (1996) ya Ken Walibora, anakutana na ugumu wa pili, mpaka safari hiyo inapofika Kitale na kitabu kikageuka ghafla kuwa cha nyumbani. Ugumu wa tatu umejaa katika hadithi fupi za kisasa. Wa nne unapatikana katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), riwaya za Euphrase Kezilahabi ambazo hata wahakiki wa vyuo vikuu wangali wanazikuna vichwa.

Hata hivyo, mafungu hayo manne yanaacha nje ugumu mmoja ambao mwalimu wa hapa anaujua vyema. Tuuite ugumu wa ukaribu. Ni pale mwanafunzi anapoelewa kitabu kupita kiasi. Msamiati anao, ulimwengu wa kitabu ni wake, mbinu hazimtatizi. Kinachomtatiza ni kwamba mwandishi anasimulia yaliyotokea kwao.

Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei, riwaya iliyosomwa katika shule za upili hadi mtihani wa 2022, ni mfano mwafaka. Ridhaa anateketezewa nyumba na jamaa yake usiku kufuatia uhasama wa uchaguzi, na anayehusika ni Mzee Kedi, jirani aliyeishi naye kwa miaka mingi. Mwalimu anayefundisha riwaya hii katika mji wa mbali huanza kwa kueleza maana ya ukimbizi wa ndani. Chini ya Mlima Elgon maelezo hayo hayahitajiki. Kati ya 2006 na 2008 mzozo wa ardhi uliotokana na mpango wa makazi wa Chebyuk ulizaa kundi lenye silaha lililojiita SLDF. Machi 2008 serikali ilituma wanajeshi katika Operesheni Okoa Maisha. Mashirika ya haki za binadamu yalizilaumu pande zote mbili kwa mauaji na mateso. Watu waliuawa, wengine walitoweka, na maelfu wakahama makwao, baadhi yao wakivuka mpaka kuingia Uganda.

Hebu tupige hesabu. Mtahiniwa wa miaka kumi na minane mwaka 2018 alikuwa na miaka minane wakati wa operesheni hiyo. Yule wa 2022 alikuwa na miaka minne. Wanaosoma sasa walizaliwa baadaye, lakini wamelelewa na wazazi walioyashuhudia hayo, na katika baadhi ya nyumba kuna jina ambalo halitajwi wakati wa kula. Katika darasa moja anaweza kukaa mtoto wa aliyehamishwa karibu na mtoto wa anayesemekana kuwa miongoni mwa waliohamisha. Mwalimu anaposema, "Sasa kila mmoja aandike tukio katika jamii yake linalofanana na lililompata Ridhaa," anaomba kitu kikubwa kuliko anavyodhani.

Wasichana wanaosimuliana

Riwaya yenyewe ina funzo kuhusu jambo hili, na ni ajabu kwamba miongozo mingi hulipita. Sehemu mojawapo inayogusa sana ni pale Umu anapokaa na wanafunzi wenzake shuleni: Kairu, Mwanaheri, Zohali na Chandachema. Kila msichana anasimulia yaliyompata. Kwa kawaida sisi huitumia sehemu hii kuorodhesha maudhui: ukimbizi, malezi, dhuluma dhidi ya watoto, umaskini. Tuisome sasa kwa kutumia kanuni yetu ya alama nne.

Msemaji ni nani? Ni mwenye mkasa mwenyewe. Hakuna anayesimuliwa mambo yake na mtu mwingine. Msemewa ni nani? Ni wenzake ambao nao watasema au wamekwisha kusema, na kwa hivyo kila anayepokea siri ameweka siri yake rehani. Mahali ni wapi? Ni miongoni mwao shuleni, bila hadhara ya watu wasiowajua. Sababu ni ipi? Ni kufarijiana. Msichana mmoja akigundua kwamba mzigo wake si wa pekee, unapungua uzito.

Sasa tubadilishe kitu kimoja tu. Tuseme mmoja wao ana simu na anarekodi mazungumzo yale, kisha usiku ule anayatuma katika kundi la WhatsApp. Hakuna neno hata moja litakalokuwa limebadilika. Hakuna uongo utakaokuwa umesemwa. Lakini msemewa amebadilika: ni yeyote mwenye kundi hilo, na yeyote atakayetumiwa baadaye. Mahali pamebadilika: ni popote. Sababu imebadilika: pengine ni udaku, pengine ni huruma isiyoombwa. Faraja imegeuka fedheha ingawa maneno ni yale yale. Hilo ndilo dondoo bila muktadha.

Mwanafalsafa Helen Nissenbaum wa Marekani ameandika kwa kirefu, hasa katika kitabu chake cha 2010, kwamba faragha haipimwi kwa kuuliza iwapo jambo ni siri au ni la wazi. Inapimwa kwa kuuliza iwapo habari inasafiri kwa kufuata kanuni za mahali ilipotolewa. Mgonjwa humweleza daktari habari zake bila wasiwasi, ila habari hizo zikimfikia mwajiri wake kuna kilichovunjwa. Walimu wa Kiswahili hawana haja ya kuhangaika na nadharia hiyo. Wamekuwa wakiifundisha kila muhula katika swali la dondoo.

Sara na kazi ya ubunifu

Katika diwani ya Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine mna hadithi ya Mohammed Khelef Ghassany, "Mame Bakari". Sara, mwanafunzi, amebakwa na akapata mimba. Sehemu kubwa ya hadithi inatokea akilini mwake. Anasikia mapema maneno ya baba, ya mkuu wa shule, ya wenzake, kabla hayajasemwa. Ghassany anatumia mbinu ya kutupeleka ndani ya fikra za mhusika, na matokeo yake ni kinaya kikali: sisi wasomaji tunajua kila kitu ambacho Sara anakufa kukificha.

Je, tumemwingilia Sara faragha yake? La, kwa sababu Sara ni mhusika, na hakuna mtu hai atakayeaibika. Hii ndiyo kazi muhimu ya ubunifu ambayo tunaisahau tunapoharakisha kuhusisha kila kitabu na maisha. Sara amebuniwa ili msichana halisi aliyeketi nyuma ya darasa asilazimike kusimama mbele ya wenzake. Anaweza kuinua mkono na kusema kwamba Sara aliogopa hivi, kwamba baba yake Sara angalifanya vile, kwamba jamii inamkosea Sara kwa sababu hizi. Huenda anasema habari zake mwenyewe, huenda hasemi. Hakuna anayejua, na hakuna anayestahili kujua. Mhusika ni kama pazia. Mwalimu anayesema, "Mwacheni Sara kwanza, tuambieni ninyi wenyewe," amelivuta pazia hilo na kumwacha mtoto wazi.

Wahenga walituachia methali mbili zinazovutana juu ya jambo hili. Mficha uchi hazai, walisema. Kisha wakasema kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Ya kwanza inahimiza kusema, ya pili inatambua kuwa kuna yanayobaki kati ya wawili. Mwalimu wa fasihi nzito anapaswa kuzishika zote mbili kwa pamoja.

Kwa upande mwingine, mwenye habari akiamua kuzitoa, hakuna wa kumzuia. Walibora, ambaye aliaga dunia Aprili 2020, alichapisha tawasifu yake Nasikia Sauti ya Mama mwaka 2014. Alikuwa mtu mzima, mwandishi aliyebobea, na ni yeye aliyechagua aseme nini, anyamazie nini, na lini. Tofauti kati ya tawasifu na umbea haiko katika uzito wa mambo yanayosemwa. Iko katika nani aliyeshika kalamu.

Tusichanganye pia haki mbili zinazokaribiana. Katika Kidagaa Kimemwozea, riwaya nyingine ya Walibora, Mwalimu Majisifu anaiba mswada wa Amani na kuuchapisha kwa jina lake. Hilo ni kosa dhidi ya hakimiliki: kazi ya Amani imenyang'anywa jina la Amani. Kosa dhidi ya data za kibinafsi mara nyingi huenda kinyume: habari za mtu zinatangazwa zikiwa na jina lake, ilhali hakutaka jina hilo litajwe hapo. Mwanafunzi aliyeandika insha ya kweli kuhusu familia yake ana haki zote mbili kwa wakati mmoja, yaani haki ya insha na haki ya habari zilizomo.

Sheria inasema nini?

Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo haki ya kutoitishwa wala kufichuliwa habari za familia yake au mambo yake binafsi bila sababu ya lazima. Ili kuitekeleza haki hiyo, Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data, nambari 24 ya 2019, iliyoanza kutumika Novemba 25 mwaka huo. Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilipata kamishna wake wa kwanza, Immaculate Kassait, mnamo Novemba 2020.

Mambo matatu ya sheria hiyo yanamhusu mwalimu wa fasihi moja kwa moja.

La kwanza ni data nyeti. Sheria inataja habari zinazohitaji uangalizi wa pekee, zikiwemo za asili ya kikabila, afya, imani, mali, ndoa, na familia pamoja na majina ya wazazi na watoto. Chukua sasa insha ya mwanafunzi anayehusisha Chozi la Heri na yaliyowapata wazazi wake. Ametaja asili yake ya kikabila. Ametaja shamba lililopotea. Ametaja baba aliyetoweka na mama ambaye hajapona. Karatasi moja ya ukurasa mmoja na nusu imejaza karibu orodha nzima ya data nyeti. Wengi wetu tunadhani data ni nambari za kitambulisho na alama za vidole. Kumbe insha inaweza kubeba zaidi.

La pili ni mtoto. Kifungu cha 33 kinasema kuwa data za mtoto zisishughulikiwe bila ridhaa ya mzazi au mlezi, na kwa namna inayolinda haki na maslahi ya mtoto huyo. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo inaitambua faragha ya mtoto. Mhakiki ataona kwamba neno linalotumiwa hapa, ridhaa, ndilo jina la mhusika mkuu wa riwaya tuliyoitaja. Tunapowafundisha wanafunzi mbinu ya majazi tunaweza kuwauliza: mtu anayeitwa Ridhaa, aliyetendewa yote bila ridhaa yake, anatufunza nini?

La tatu ni haki za mwenye data. Kifungu cha 26 kinazitaja tano: kuelezwa data zake zitatumiwa vipi, kuziona zikiwa mikononi mwa mwingine, kupinga zisitumiwe, kusahihishiwa zilizo na makosa au za kupotosha, na kufutiwa zilizo za uongo au za kupotosha. Mtu aliyedhulumiwa anaweza kulalamika kwa Kamishna, na sheria inataka lalamiko lichunguzwe na kukamilishwa ndani ya siku tisini.

Asidhani mtu kwamba haya ni maandishi tu. Septemba 2023 Kamishna aliitoza shule moja ya eneo la Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi wao. Shule ikitozwa kiasi hicho kwa ajili ya picha, walimu tuna wajibu wa kujiuliza kuhusu video za wanafunzi wakiigiza tamthilia teule, na insha zinazopigwa picha kwa kuwa "zimeandikwa vizuri" au, vibaya zaidi, kwa kuwa zinachekesha.

Pingamizi

Kuna walimu watakaopinga, na pingamizi zao zina uzito.

Wapo watakaosema kwamba fasihi huponya kwa kusemwa, na kwamba tukiogopa sheria tutakuwa tunafundisha mifupa bila nyama. Ni kweli kwamba fasihi huponya. Lakini wasichana wa Chozi la Heri waliponywa kwa kusemezana wao kwa wao kwa hiari. Hakuna aliyewapa zoezi. Faraja ikigeuzwa zoezi lenye alama kumi, anayenyamaza ataadhibiwa kwa kunyamaza.

Wapo watakaosema kuwa njia salama ni kuviepuka vitabu vizito kabisa, au kuziruka sura zinazochoma. Hili ni kosa kubwa. Historia ya Rosa Mistika (1971) ya Kezilahabi, riwaya iliyopigwa marufuku shuleni Tanzania kwa kuthubutu kusema wazi juu ya yanayowapata wasichana, inaonyesha kuwa kukificha kitabu hakuwalindi wasichana hao. Kunawanyima maneno ya kuyaelezea yanayowapata. Sheria ya data inamlinda mtu aliye hai. Haimlindi mhusika, na haimlindi mtu yeyote dhidi ya kusoma. Anayetumia faragha kama kisingizio cha kutofundisha "Mame Bakari" ameielewa sheria kinyume.

Wapo pia watakaouliza: je, mtoto akiandika kwamba anadhulumiwa nyumbani, tuitunze siri hiyo? La hasha. Kuna tofauti kati ya kutangaza na kuripoti. Mtoto aliye hatarini anapaswa kusaidiwa, na mwalimu anapeleka habari kwa mshauri nasaha, kwa mkuu wa shule au kwa afisa wa watoto, yaani kwa wanaohitaji kujua ili watende. Hapo muktadha umelindwa: msemewa ni mwenye wajibu, na sababu ni usalama. Chumba cha walimu wakati wa chai hakimo katika orodha hiyo.

Mapendekezo ya ufundishaji

Yafuatayo yanaweza kutekelezwa katika shule yoyote, iwe na umeme au isiwe nao.

Swali lipitie kwa mhusika. Badala ya "Eleza jinsi vita vilivyoathiri familia yako," tuulize, "Iwapo Ridhaa angalikuwa mkazi wa tarafa hii, ni nini katika maisha yake kingalibadilika, na ni nini kingalibaki vile vile?" Ujuzi unaopimwa ni ule ule. Mwanafunzi anayetaka kutumia tajriba yake ataitumia, na asiyetaka atapata alama sawa.

Mwanafunzi awe na hiari ya nafsi ya tatu. Katika mazoezi ya ubunifu, aruhusiwe kubuni jina, kijiji na hata mwaka. Tukumbuke kwamba katika kijiji kidogo jina likifutwa bado mtu anaweza kutambuliwa: ukitaja fundi wa baiskeli aliyepoteza mguu karibu na soko fulani, umekwisha kumtaja. Mbinu hii inamfunza mwanafunzi pia jinsi watunzi wanavyogeuza tukio kuwa sanaa.

Insha zirudi kwa wenyewe. Mwalimu akitaka kuisoma insha mbele ya darasa, amwombe mwandishi faraghani, na akubali jibu la "hapana" bila kudai sababu. Akitaka kuitumia nje ya darasa, aombe ridhaa ya mzazi pia.

Simu iwe na mipaka. Video za maigizo zirekodiwe tu kwa ruhusa, na ruhusa hiyo itaje zitakakoonyeshwa. Mzazi aliyekubali video ionyeshwe siku ya wazazi hajakubali ipakiwe mtandaoni. Msichana aliyeigiza kahaba katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed anaweza kubandikwa jina hilo la uhusika kwa miaka mingi iwapo video itazagaa bila maelezo.

Orodha za alama zisisambazwe zikiwa na majina. Kila mzazi ana haki ya kujua alama za mwanawe. Hana haja ya kujua za mtoto wa jirani.

Tuwe waangalifu na programu za akili unde. Mwalimu anayeipiga picha insha ya mwanafunzi na kuipakia ili programu imsaidie kusahihisha ameitoa insha hiyo shuleni, pengine na nchini. Angalau jina liondolewe, na insha zenye habari za familia zisipakiwe kamwe. Mtahiniwa naye akumbuke kwamba anachokiandika huko hakiandiki kwenye mchanga.

Kwa watahiniwa

Ninyi mtakaokalia mtihani, mada hii isiwapite kwa kuwa haimo katika silabasi kwa jina lake. Jaribuni maswali haya kwa kutumia kitabu chochote teule mnachosoma.

Kwanza, tambua mhusika ambaye siri yake inatolewa na mtu mwingine. Eleza muktadha wa tukio hilo, kisha uonyeshe jinsi mabadiliko ya msemewa yalivyobadilisha maana ya habari yenyewe.

Pili, "Ukweli haumdhuru mtu." Jadili kauli hii kwa kurejelea hadithi mbili fupi.

Tatu, linganisha mhusika anayesimulia maisha yake kwa hiari na yule anayesimuliwa. Mwandishi ametumia mbinu gani za kimtindo kumfanya msomaji ahisi tofauti hiyo?

Swali la pili lina mtego. Mtahiniwa dhaifu atakubali au atakataa na kuishia hapo. Mtahiniwa bora ataonyesha kwamba ukweli ule ule humjenga mtu mbele ya rafiki na kumvunja mbele ya umati, na atathibitisha kwa matukio. Atakayejibu hivyo ameelewa fasihi, na ameelewa sheria bila kuisoma.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba ugumu mkubwa wa baadhi ya vitabu vyetu unatokana na ukaribu wao na maisha ya wanaovisoma, na kwamba mwalimu anayefundisha vitabu hivyo hupokea, atake asitake, habari ambazo si zake. Sheria ya 2019 imempa wajibu wa kuzitunza. Maji yakimwagika hayazoleki, na mtandaoni hata kuyafuata yalikotiririkia ni shida.

Walimu wenzangu, tuendelee kuvifundisha vitabu vizito, na tuvifundishe bila kuruka sura. Tuwadai wanafunzi wetu muktadha wa kila dondoo kama tulivyozoea. Na wanapotupa maneno yao wenyewe, yakiwa yameandikwa kwa kalamu ya wino kwenye karatasi ya mistari, tuyatendee haki hiyo hiyo: tujue ni nani aliyeyasema, alituambia sisi, alituambia hapa, na kwa nini.